Ndege Ilipiga Picha Sufu ya Celestine, Kijiji Kikakosa Maji

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na Celestine Kioke yuko magotini katikati ya kinamasi. Mikono yake yote miwili imezama hadi kwenye viwiko. Anavuta. Kinatoka kishungi cha sufu ya kijani kinachochuruzika maji kama shuka lililotolewa kwenye beseni. Anakikamua, anachomoa vijiti, anamfukuza mdudu mmoja mwenye miguu mingi, halafu anakitupia ndani ya gunia.

Si sufu ya mnyama. Ni mmea, laini kuliko godoro lolote la dukani, unaomea juu ya maji ya kinamasi. Wakrii, wenyeji wa asili wa hapa Nikik, kaskazini mwa Kanada, wamewalaza watoto wao wachanga juu yake tangu zamani. Inakunywa mkojo na haitoi harufu, na mtoto analala mkavu.

Nyuma yake unasikika mlio wa pikipiki ya magurudumu manne. Celestine hageuki. Anajua ni nani.

"Shangazi."

"Sema."

"Shangazi, si tulishaongea jana?"

"Uliongea wewe. Mimi nilikuwa nakula."

Aliyesimama pale ni Ferdinand Kioke, miaka 29, mtoto wa kaka yake. Amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, kilichoandikwa mgongoni kwamba yeye ni mlinzi wa mradi. Anaonyesha kibao cha bati cha kukataza kuchuma, kilichopigiliwa kwenye msonobari.

"Umekiona kile?"

"Nimekiona. Kizuri sana. Nimetundikia koti langu."

Kweli, koti lipo pale.

"Shangazi, mimi ni kazi tu, na wewe unajua."

"We mtoto, hebu nisikilize. Hayo matako yako yalikaa kwenye sufu ya kinamasi hikihiki mpaka ukatembea. Mama yako alikuwa amelazwa kusini, mimi ndiye nilikuwa nakubadilisha. Hukutoka kipele hata kimoja. Leo umevaa chungwa unakuja kunifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakuomba."

"Basi na mimi nakuomba. Shika mdomo wa gunia."

Ferdinand anashika. Celestine anamalizia kishungi cha mwisho, anakishindilia, anafuta mikono kwenye sketi. Halafu kijana anakaza kamba, anabeba lile gunia, analifunga nyuma ya pikipiki na kuondoka nalo bila kumtazama usoni.

Ndiyo sheria ilivyo. Sufu yoyote iliyochumwa ndani ya eneo la mradi inachukuliwa. Celestine anabaki amesimama kwenye maji, viatu vya mpira vimejaa tope, anatazama moshi wa pikipiki.

"Na hilo nalo limekwenda," anasema. "Anaenda kuimwaga nyuma ya ofisi yao. Haitumiki, hairudishwi, hailazwi mtoto. Inaoza kwenye changarawe. Huo ndio ulinzi wa mazingira."

Celestine ana miaka 61. Kazi hii alifundishwa na mama yake, na ndiyo inayomlisha. Gunia moja la sufu iliyokauka anawauzia kina mama dola thelathini. Mama asiye na pesa anampa samaki, au bata bukini, au hampi kitu. Dukani, boksi moja la nepi za plastiki ni zaidi ya dola sitini, kwa sababu kila kitu hapa kinaletwa kwa ndege mpaka mto ugande na barabara ya barafu ifunguliwe.

Siyo kazi ya kuvuta popote. Sufu nyekundu inawasha ngozi ya mtoto, kwa hiyo unaiacha. Unayoitafuta ni ya kijani kilichopauka, ndefu, isiyosokotana na mizizi ya vichaka. Unatoa kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia, unasogea mbele, unaacha tundu lijifunge lenyewe. Ukionekana unachuma palepale ulipochuma mwaka jana, wanawake wenzako watakucheka mpaka ukome.

Ikishatoka majini inatundikwa kwenye vichwa vya misonobari. Misonobari ya kinamasini ni mifupi, mingi haimzidi mtu mzima urefu, kwa hiyo unaivika tu kama kofia. Upepo ukikubali, baada ya wiki na kitu sufu imekauka na kugeuka kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Hapo unaisugua mikononi mpaka ilainike, unaichambua tena, unaifunga kwenye mfuko safi.

Mwaka huu Celestine ana haraka. Mjukuu wake Jocelyn, miaka 22, ana mimba ya miezi saba na nusu. Mwezi ujao atapandishwa ndege kwenda kusini kusubiri uchungu, kwa sababu Nikik haina daktari wa kuzalisha. Ndivyo inavyokuwa kwa kila mwanamke wa hapa. Celestine anataka mjukuu aende na sufu ya bibi yake kwenye begi.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimfunga nepi za plastiki," anasema Jocelyn. "Alichubuka mapajani mpaka akatoka damu. Nesi akaniambia nitumie nepi za kitambaa, nizifue vizuri. Nikamuuliza, nizifue na maji gani?"

Swali lake si la utani. Maji ya bomba ya Nikik hayanyweki. Yamekatazwa tangu Jocelyn yuko shule ya msingi. Unachemsha ya kunywa, unachemsha ya kuogeshea mtoto, na ukifulia nguo nyeupe zinatoka na rangi ya kutu. Kila kiongozi anayekuja hapa anapiga picha na kopo la maji hayo, anatikisa kichwa, anapanda ndege yake anarudi kwenye maji safi.

Hapo ndipo kampuni ya hewa ukaa ilipoingilia.

Miaka mitatu iliyopita walikuja watu kutoka Toronto na bomba refu la chuma. Wakalisokomeza ardhini kwenye kinamasi, wakalitoa limejaa mboji nyeusi, wakailaza juu ya turubai kama nyoka aliyekufa. Kisha wakawaita watu ukumbini, wakagawa biskuti, wakaeleza.

Maelezo yenyewe yalikuwa mazuri, lazima yasemwe. Sufu inamea juu na kufa chini. Kwa kuwa imelowa maji ya baridi, haiozi, inalala tu. Juu yake inalala nyingine, na juu ya hiyo nyingine. Kwa mwaka, tabaka haliongezeki hata unene wa kucha. Lakini limeongezeka miaka zaidi ya elfu tano bila kupumzika, na sasa chini ya Nikik kuna mboji ya kumzika mtu mrefu amesimama. Ndani yake imefungiwa kaboni. Ikikaa humo, salama. Ikikaushwa, inatoka ikiwa hewa ukaa, inaenda kulipasha joto anga.

Watu walipiga makofi. Celestine naye alipiga.

"Nilifurahi, sikatai," anasema. "Nikasema kumbe wazungu wameanza kukipenda kinamasi. Siku zote walikuwa wanakiita ardhi isiyo na kazi."

Makubaliano yakawa hivi. Kampuni inaihesabu ile kaboni iliyolala na kuwauzia wenye viwanda na ndege huko mbali, ili wao waendelee kutoa moshi wao kwa amani. Nikik inakilinda kinamasi na kupata fungu. Halmashauri ya kijiji ikaapa kwamba fungu lote linakwenda kwenye mtambo mpya wa maji. Mabomba ya kwanza yakaletwa. Bado yamerundikwa kando ya uwanja wa ndege, watoto wanayatambaa ndani wakicheza.

Kwa nini yamelala pale? Kwa sababu ya kofia za misonobari.

Septemba ya mwaka jana ndege ya kampuni ilipita juu kupiga picha za ukaguzi. Celestine alikuwa ametundika sufu yake kama kawaida. Mwaka huo watoto waliozaliwa walikuwa wengi, akawa amewachukua wanawake wengine wawili kumsaidia, na ukingo mzima wa kinamasi ukawa umevaa kahawia. Kompyuta ya Toronto ikaona vichwa vya miti vya kahawia. Ikasema miti inakufa, kinamasi kinakauka, kaboni inatoroka.

Ni sawa na kupiga picha nguo zilizoanikwa na kutangaza msiba.

Na hakuna aliyeinua simu kuuliza. Hata mmoja. Nikik ina simu, ina redio, ina ofisi ya halmashauri yenye mashine ya kahawa. Badala yake fungu la kijiji likazuiwa, na walinzi wakaagizwa watafute kilichouharibu ukingo ule. Ferdinand, bila kujua anachokianzisha, akajibu kweli tupu: pale huwa anachuma shangazi yangu. Huko mjini wakaunganisha mambo kwa namna yao. Kuchuma sufu kukaandikwa kuwa ndiyo sababu ya uharibifu, na kibao cha katazo kikapigiliwa mtini.

Celestine alizipata habari dukani.

"Nilikuwa kwenye foleni na unga wangu na mafuta," anasimulia. "Jirani yangu Bernadette akageuka, akasema kwa sauti watu wote wasikie: 'Asante sana, Celestine. Leo asubuhi nimechemsha maji tena.' Sikuelewa. Nilipoelewa, niliuacha unga pale kwenye kaunta nikatoka. Nilikula samaki mtupu mpaka nikachoka. Nilikuwa naona aibu kurudi dukani, na sijaiba kitu cha mtu."

Majira yote ya baridi watu walimpa mgongo. Kina mama waliokuwa wanagonga mlango wake wakaacha kugonga. Wengine walituma watoto wakachukue sufu ya akiba kwa siri, kupitia mlango wa nyuma, kama wananunua pombe.

Mwezi Julai mwaka huu kampuni ilimtuma Colin Ashdown, msimamizi wa mradi, aje aone kwa macho. Chifu wa Nikik, Rosalie Nakogee, alimpeleka kinamasini na kumwita Celestine. Kwenye msonobari mmoja kilikuwa kimebaki kishungi cha mwaka jana. Colin akakishika, akakigeuza, akacheka.

"Kumbe mlikuwa mmeanika!"

"Tulikuwa tumeanika," Celestine akamjibu. "Kwenu mnaanika wapi, chini ya kitanda?"

Wote wakacheka. Colin akanywa chai, akala nyama ya bata bukini iliyokaushwa kwa moshi, akaomba aongezwe. Celestine akadhani yameisha.

Hayakuisha. Jioni ukumbini Colin alisimama akakubali kwamba picha ilisomwa vibaya. Alisema atawaeleza wakubwa zake, na fungu la kijiji huenda likaachiwa. Lakini katazo? Katazo, akasema, limeshaingia kwenye mkataba. Wanunuzi wamelipia kinamasi ambacho hakiguswi na mtu. Litaangaliwa upya baada ya miaka mitano.

"Mjukuu wangu anajifungua Oktoba," Celestine akasema. "Nimwambie mtoto asubiri?"

Ukumbi ukapiga kelele. Colin akainua mikono. "Bi. Kioke, nakuelewa kabisa. Ila katazo ni la ndani ya mpaka tu. Nje ya mpaka mko huru. Kuna kinamasi kikubwa upande wa magharibi, chumeni huko hata leo."

Sufu ni sufu, basi wakaenda. Celestine, Jocelyn na Chifu Rosalie walipanda mtumbwi wa mashine, wakaufuata mto hadi magharibi, wakashuka na magunia yao. Walichokikuta, Celestine anakieleza huku amekunja ngumi.

Upande ule kampuni ya madini imekata barabara ya magari yake ya kuchimbia. Ili magari yasizame, imechimba mtaro mrefu kando ya barabara na kuyanyonya maji yote ya kinamasi. Maji yanayotiririka kwenye mtaro yana rangi ya chai ya rangi. Sufu imekuwa nyeupe. Celestine aliivuta, ikavunjika mkononi kama biskuti ya zamani. Chini yake mboji imepasuka nyufa.

"Jocelyn aliingiza mkono kwenye ufa mmoja, ukaingia mpaka begani," anasema Rosalie. "Ndani kukavu kabisa. Nikajiuliza, ile miaka elfu tano waliyotupigia hadithi ukumbini, si ndiyo hii imelala wazi inapigwa na jua?"

"Nilinusa gunia langu," anasema Celestine. "Linanuka dizeli. Nimlaze mtoto juu ya dizeli?"

Waliimwaga, wakarudi na magunia matupu.

Gazeti hili liliwauliza watu wa kampuni ya hewa ukaa kama wanaufahamu mtaro ule. Wanaufahamu. Jibu lao lilikuwa fupi: "Eneo hilo lipo nje ya mpaka wa mradi, kwa hiyo halimo kwenye hesabu zetu."

Lisome tena hilo jibu. Mpaka walichora wao. Waliuchora ukapinda vizuri ukaiacha barabara ya madini nje, kisha wakaupindisha tena ukamweka bibi na magunia yake ndani. Mtaro unaokausha kinamasi hauna kosa kwa sababu hauko kwenye ramani. Mwanamke mwenye mikono miwili, anayechukua kipande cha ukubwa wa mto na kusogea mbele, ndiye anayewekewa mlinzi. Kama anga lina mpaka, watuonyeshe umepita wapi.

Kampuni ya madini yenyewe haikujibu kabisa.

Aliyebanwa zaidi katikati ya haya ni Chifu Rosalie. Fungu bado halijaachiwa, na barua ya kampuni imesema wazi: sufu ikichumwa tena, linazuiwa kwa mwaka mwingine.

"Nikimtetea Mama Celestine, watoto wa kijiji wanaendelea kuogeshwa maji ya kutu," anasema. "Nikimnyamazisha, nitakuwa nimewasaidia kumfukuza mwanamke aliyenifunga nepi. Usiku mmoja nilimpigia nikamwambia, mama, achia tu miaka hii mitano, tupate maji kwanza."

Celestine alimjibuje?

"Nilimwambia, Rosalie, maji tunayataka na sufu tunaitaka. Nani kasema tuchague? Waliotupa haya machaguo wao hawajawahi kuchagua kitu. Wana maji, wana nepi, wana barabara, na sasa wana kinamasi chetu kwenye makaratasi yao. Wewe unanibembeleza mimi kwa sababu mimi nipo karibu. Wabembeleze wao."

Rosalie anasema alikata simu kwa hasira. Halafu hakulala.

Jumanne iliyopita, baada ya gunia lile kuchukuliwa, Celestine alikwenda kituo cha redio ya kijiji. Alichagua wakati wake vizuri. Jumanne redio inachezesha bingo, bahati nasibu ya kusomewa namba, na hapo hakuna nyumba Nikik ambayo haisikilizi. Kabla namba ya kwanza haijasomwa, akaomba dakika moja.

"Ni Celestine," akasema hewani. "Jumamosi naenda kuvuta sufu ya mtoto wa Jocelyn, palepale pa siku zote. Sijifichi. Nitaitundika kwenye misonobari yote ya ukingoni, ndege ikipita ione vizuri. Mwenye gunia aje. Asiye na gunia aje na mikono. Asiyetaka kuja, sina ugomvi naye. Haya, endeleeni na bingo."

Mara simu ya studio ikaanza kulia. Wa kwanza kupiga alikuwa Bernadette, yule jirani wa dukani.

"Gunia la viazi linafaa?" akauliza.

"Likung'ute kwanza," Celestine akamwambia. "Na wewe ujikung'ute."

Studio nzima ilicheka, na bingo ilichelewa mpaka wazee wakalalamika.

Asubuhi ya Jumatano Rosalie aliwapigia Toronto mwenyewe. Aliwaambia chifu wa Nikik atakuwa kinamasini Jumamosi, na hatakwenda kutalii. Aliwaambia pia kwamba kama wanataka kulizuia fungu, wapande ndege, waje waseme hivyo mbele ya mabomba yaliyorundikwa uwanjani, na kabla ya kupanda waende wakapige picha ule mtaro wa magharibi. Akaulizwa kama anajua anachohatarisha.

"Najua," anasema. "Nikawaambia tumechemsha maji miaka yote hii, sufuria tunazo. Lakini safari hii tukikosa maji, kila mtu atajua ni nani ametunyima. Hatakuwa Celestine."

Jocelyn naye amesema atakwenda, tumbo na yote. Bibi yake amemruhusu kwa sharti moja: hatainama. Atakaa juu ya turubai, achambue vijiti. Upepo ukiwa mzuri, sufu itakuwa imekauka kabla hajapanda ndege. Barafu ya kwanza ikiwahi, basi haitakauka, na mtoto atalala kwenye plastiki kama kaka yake. Kwa hiyo ni Jumamosi hii. Hakuna nyingine.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hajachagua upande. Ferdinand yuko zamu Jumamosi. Ana mkopo wa pikipiki na mke anayemtegemea, na akiwaacha wachume atafukuzwa kazi. Alipoulizwa atafanya nini, alivuta zipu ya kizibao chake hadi shingoni.

"Nitafika kazini saa moja," akasema. "Mengine sijui."

Celestine ameambiwa jibu hilo. Alikuwa jikoni anageuza mkate kwenye kikaango, hakusimama.

"Afike," akasema. "Magunia yakilowa ni mazito, na sisi wengi wetu ni wazee. Kama ni kuyachukua, atayachukua mbele ya kijiji kizima, moja moja, na kila atakapoinama nitamtajia jina la mtoto atakayelala bila sufu. Na kama ni kutusaidia kuyabeba, mwambieni nimemwekea chai."